Meza ya Mama Fundi: Koili ya Tesla kwa mfuko wa mwanafunzi

Meza yangu hapa Mabatini, Mwanza, kawaida ina redio, feni na pasi. Toleo hili nimevisogeza pembeni, kwa sababu barua nyingi zilizofika zinauliza kitu kimoja: koili ya Tesla. Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni koili mbili za waya, moja fupi na nene, nyingine ndefu na nyembamba, zinazopandisha volti chache hadi zikawa maelfu. Hewa inatoa cheche, na taa ya tyubu inawaka mkononi mwako bila kuunganishwa na chochote. Aliyeibuni ni Nikola Tesla, mzaliwa wa kijiji cha Smiljan, nchi ambayo leo ni Kroatia. Alisajili hataza yake Marekani mwaka 1891, na mwaka huohuo akawaonyesha wahandisi wa New York mirija ya gesi ikiwaka bila waya. Vijana wetu wameiona kwenye simu, na sasa kila mmoja anaitaka ya kwake.

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, naishi Nyegezi. Shuleni kwetu kutakuwa na maonyesho ya sayansi na mimi nataka kupeleka koili ya Tesla. Nina Sh 15,000 tu na nyumbani siwezi kuomba zaidi. Video ninazoangalia wanatumia vifaa vya kuagiza nje. Je, nitaweza, au nitafute kitu kingine?

JIBU: Marahaba mwanangu. Utaweza, na chenji itabaki. Ila utengeneze ndogo, ya volti 12, yenye transista moja. Wakubwa wenye koili za cheche za mita moja waache na gharama zao. Yako itatoa cheche ya milimita chache na kuwasha tyubu kwa mbali kidogo, na sayansi yake ni ileile.

Tuanze na waya, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapolia bei. Unahitaji waya wa kopa wenye vanishi, unene wa milimita 0.25. Bomba lako liwe lile la plastiki la kupitishia waya za umeme ukutani, la milimita 25. Ukizungusha mara 350 utatumia kama mita 28. Sasa pima kwa uzito: mita 28 za waya huo hazifiki hata gramu 13! Wanaofunga upya mota zilizoungua, na pale Nyakato na Mabatini wapo wa kutosha, wananunua waya kwa kilo. Kipande chako ni kile kinachobaki mwishoni mwa roli, ambacho fundi hawezi kufungia mota yoyote. Nenda asubuhi kabla hajawa na kazi nyingi, msalimie vizuri, mwambie ni cha shule. Chukua gramu 20 ili uwe na akiba ukikata.

Angalizo moja. Atataka kukupa bure waya aliotoa ndani ya mota iliyoungua. Usiuchukue. Vanishi yake imeshaiva kwa joto, ukiukunja inabanduka, na mizunguko miwili ikigusana kopa kwa kopa koili yote imekufa bila wewe kuona chochote kwa macho. Utaujua kwa rangi: mzuri unang'aa kama una mafuta, ulioiva umepauka na una madoa meusi.

Bomba usinunue. Nenda palipo na nyumba inajengwa, vipande vya sentimita 15 vinatupwa na mafundi umeme kila siku. Hapohapo omba nusu mita ya waya wa ukutani wa milimita za mraba 1.5, wenye uzi mmoja mgumu. Hiyo ndiyo koili yako fupi. Kwa hiyo umeshamaliza nusu ya kazi na bado hujatoa noti mfukoni.

Vingine ni vya kununua, au vya kunyofoa kwenye bodi mbovu kwa fundi yeyote mjini. Transista D882, rezista ya kiloomu 22, taa moja ndogo ya LED nyekundu, kapasita ya maikrofaradi 100 ya volti 25, kipande cha bati la aluminiamu la kupozea. Rezista yenye mistari minne itakuwa nyekundu, nyekundu, machungwa, kisha mstari wa dhahabu. Transista hiyo bei yake haifiki sahani ya chipsi kavu, na imejaa kwenye spika ndogo za redio zilizokufa.

Mbona si TIP31C kama kwenye video? Kwa sababu koili ya mizunguko 350 kwenye bomba hilo inatetema kwenye megahezi 3 hivi, yaani mara milioni tatu kwa sekunde. TIP31C ni transista nene ya kazi nzito lakini ni mvivu, hapo kwenye megahezi 3 inakuwa imechoka. D882 inakimbia mbali zaidi ya hapo. Ukikosa D882, BD139 inafaa kabisa.

Kusokota. Toboa matundu mawili madogo kila mwisho wa bomba, pitisha waya, uache mkia wa sentimita 20. Kaa mahali penye mwanga, usiwe na mtu wa kukusemesha. Mizunguko ilale ubavu kwa ubavu, isipandane na isiachane. Kila baada ya mizunguko kumi, isukume pamoja kwa kucha ya kidole gumba, utaona kopa inakuwa kama uso mmoja laini. Ukichoka bana kwa selotepu, kapumzike. Ikifika mizunguko 350 utakuwa umefunika sentimita 10 za bomba. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi juu yake, uache ikauke. Dada zako wanayo, ila omba kwanza.

Kisha chukua msasa laini ukwangue ncha zote mbili mpaka kopa ing'ae pande zote. Usikwangue upande mmoja ukaridhika. Nusu ya koili "mbovu" zinazoletwa kwangu ni nzima, ncha tu hazijakwanguliwa.

Waya mnene uzungushe mara tatu au nne chini ya bomba, juu ya koili nyembamba, usiibane sana. Transista ina miguu mitatu, emita, kolekta na besi; mpangilio wake nimeueleza kwenye jibu linalofuata. Sasa unganisha: chanya ya betri iende kwenye ncha moja ya waya mnene, ncha ya pili iende kolekta ya transista. Emita kwenye hasi. Rezista kutoka chanya hadi besi. Ncha ya chini ya koili nyembamba nayo kwenye besi. Ncha ya juu haiendi popote, iache hewani, au iunganishe na mpira wa tenisi ya mezani uliofungwa foili ya jikoni. LED iwe kati ya besi na hasi, na hapa soma mara mbili: mguu mrefu kwenye hasi, mguu mfupi kwenye besi. Utadhani nimekosea, sijakosea. Kazi yake ni kupitisha mkondo unaporudi kinyume na kuilinda besi, na ikiwaka ujue koili inatetema. Kapasita iwe kwenye chanya na hasi, karibu na transista, ukizingatia upande wenye alama ya hasi.

Betri ndiyo kitu cha ghali, kwa hiyo usinunue. Azima ya pikipiki kwa mtu mnayeaminiana, na kwenye waya wa chanya weka fyuzi ya ampea 1. Usiiruke fyuzi. Betri hiyo ikishotiwa inaweza kuufanya waya uwe mwekundu ukiwa umeushika. Adapta ya king'amuzi nayo ni ya volti 12, lakini sipendi uitumie: vurugu ya koili inarudi ndani yake, ikifa siku ya taarifa ya habari utajieleza mwenyewe kwa mama.

Siku ya maonyesho tafuta tyubu iliyoungua. Ndiyo, iliyoungua. Tyubu nyingi zinakufa kwa sababu nyuzi za pembeni zimekatika, lakini gesi ndani ni nzima, na koili haina haja na hizo nyuzi. Ushike mwili wa kioo, usogeze karibu na kichwa cha koili, itawaka upande ulio karibu. Waalimu wakiuliza ni kwa nini, waambie uga wa umeme unatikisa mvuke wa zebaki ndani, zebaki inatoa mwanga usioonekana, na unga mweupe wa kwenye kioo unaugeuza kuwa unaoonekana. Kwa ajili ya zebaki hiyo, tyubu isivunjike mikononi mwa watoto. Koili iwashe kwa dakika moja moja, na ukiona transista haigusiki, pumzika.

SWALI: Mama Fundi habari za kazi. Nipo Sengerema, nimesoma ufundi umeme. Nilifuata ule mchoro wa transista moja na betri ya volti 12. LED haiwaki kabisa, tyubu haiwaki, ila transista inachoma vidole. Nimebadilisha transista mara kadhaa. Koili nimeisimamisha juu ya sufuria iliyofudikizwa, kama stendi. Tatizo ni nini?

JIBU: Kazi njema, dada, na pole kwa vidole. Transista kupata moto bila LED kuwaka maana yake inapitisha mkondo tu, haitetemi. Umeme unaingia unageuka kuwa joto, basi.

Geuza ncha za waya mnene. Iliyokuwa kwenye chanya iende kolekta, ya kolekta iende chanya. Koili hizi mbili zina mwelekeo, na mmoja unaiambia transista "endelea" wakati mwingine unaiambia "acha". Kama ni hilo, LED itawaka papo hapo, na barua yangu unaweza kuikunja ukaendelea na shughuli zako.

Bado? Angalia miguu ya transista, maana hukuniambia umetumia ipi. D882 ukiitazama upande wenye maandishi, miguu chini, kutoka kushoto ni emita, kolekta, besi. TIP31C ukiitazama vilevile ni besi, kolekta, emita. Umeona? Kolekta ipo katikati kote, huku na huku pamebadilishana. Mtu anachukua mchoro wa TIP31C anaweka D882, inapata moto, anabadilisha, nayo inapata moto, anaanza kusema duka linauza feki. Feki zipo, sikatai, lakini kwanza tuhakikishe miguu.

Tatu, chukua mita, weka kwenye oomu, pima koili nyembamba ncha hadi ncha. Mita 28 za waya wa milimita 0.25 zinasoma karibu oomu 10. Mita isiposoma kitu, waya umekatika au vanishi haijakwanguliwa. Ikisoma pungufu sana ya 10, kuna mahali vanishi imechubuka na mizunguko imeshikana.

Na hiyo sufuria irudishe jikoni. Chuma kipana chini ya koili kinakula nguvu yake na kuibadilisha mtetemo. Weka juu ya ubao mkavu.

SWALI: Mama, mimi ni kijana wa Igoma. Nimepata maikrowevu mbovu mnadani kwa bei ya kutupa, ndani transfoma ni nzima. Nimeona watu wanaitumia kupata koili yenye cheche kubwa bila gharama. Mimi si mtoto, nafunga umeme kwenye nyumba za watu na shoti nimeshazizoea. Nielekeze namna ya kuiunganisha.

JIBU: Sikuelekezi.

Nakuheshimu kwa kazi yako, na ndiyo sababu nitakueleza kwa lugha ya kazi. Transfoma ile inaingiza volti 230 na kutoa kama volti 2,000. Kuna vitu vingi vya volti nyingi ambavyo havina nguvu nyuma yake, unashtuka na unaishi. Hii ina nguvu. Inaweza kusukuma nusu ampea na zaidi, wakati sehemu ndogo sana ya hiyo ikipita kifuani moyo unapoteza mapigo yake. Kote duniani watu wamekufa kwa transfoma hizi, wengi wakichoma michoro kwenye mbao, na wengi hawakuwa watoto.

Na zile shoti ulizozizoea zimekuzoesha vibaya. Kwenye nyumba unayofunga, kuna kikata umeme kinachohisi mkondo ukivuja kwenda ardhini. Hapa mwili wako utakuwa upande wa pili wa transfoma. Kikata umeme kinaona mota au pasi tu imewashwa, kitu cha kawaida, hakitakata. Hakuna atakayekuzimia.

Usiifungue zaidi hiyo maikrowevu. Kapasita yake inaweza kuwa na chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani, na kauri ya kwenye magnetroni, ile sehemu inayotoa mawimbi ya kupasha chakula, usiivunje kwa sababu baadhi ina berili, vumbi lake ni sumu ya mapafu. Mrudishie aliyekuuzia, au wauzie wa vyuma chakavu ikiwa nzima hivyo hivyo. Kwa pesa hiyo njoo upande wetu wa volti 12. Cheche ni fupi, sawa, lakini mkeo hatapigiwa simu.

Na wengine mlioniandikia kuhusu transfoma za mabango ya neoni na zile za nyuma ya TV za chogo, jibu lenu ni hilohilo. TV ya chogo kioo chake chenyewe kinakaa na umeme muda mrefu baada ya kuzimwa.

SWALI: Mwangaluka mayu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Kirumba karibu na mwalo. Kijana wangu wa pili ametengeneza hiyo mashine ya Tesla. Akiiwasha, redio ya jirani yangu inakoroma. Jirani ni mtu mzima, anasikiliza redio yake ya mkulima kutwa. Sasa amesema kijana anaita radi, na kwa kuwa majuzi radi ilipiga mti upande wa pili wa barabara, watu wameanza kuamini. Je, kweli mashine hii inaita radi? Nimwambie aitupe?

JIBU: Mwangaluka mayu, mhola. Asitupe.

Radi kwanza. Sisi wa kandokando ya ziwa tunaishi mahali ambapo radi ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja kwetu na mawingu yanajaa huku juu ya ardhi. Usiku inageuka: nchi inapoa, ziwa linabaki na joto lake, upepo unatoka pande zote kwenda katikati ya maji, unakutana, unapanda juu. Ndiyo maana wavuvi wanaona miale usiku kucha huko mbele wakati mjini hakuna hata tone. Hayo yalikuwepo kabla ya kijana wako kuzaliwa na kabla ya Tesla.

Wingu la radi lina volti mamilioni kwa mamilioni. Kimashine cha betri ya pikipiki kinatoa volti elfu chache, na uga wake ukienda hatua moja au mbili tu kutoka pale ulipo umeshafifia. Wingu lililo juu kilomita moja na zaidi halina habari kama kipo. Mti wa barabarani ulipigwa kwa sababu ni mrefu, na miti mirefu hupigwa. Akili iende huko: mvua ikianza kunguruma watoto wasijikinge chini ya mwembe.

Lakini jirani ana haki kwenye jambo la redio. Hapo hajakosea hata kidogo. Koili inatetema kwenye megahezi 3 na inatapanya makelele juu na chini ya hapo, na redio za masafa ya kati na masafa mafupi zinayanasa yote. FM mara nyingi inapona. Kwa hiyo muulize kijana kitu kimoja: ameunganisha waya mrefu juu ya koili, labda ameupeleka mpaka kwenye bati la nyumba? Wengi wanafanya hivyo wakidhani wataongeza cheche. Kumbe wanatengeneza kituo cha redio kisicho na leseni, na mambo ya mawimbi nchini yana mwenyewe, ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Waya huo utoke leo. Juu ya koili pabaki na mpira wa foili tu, na awashe dakika moja, azime. Pia waya mrefu wa nje wakati wa mvua ni hatari kweli, wenyewe kama wenyewe, hata koili ikiwa imezimwa.

Halafu mtume kijana kwa jirani. Asiende kujitetea. Aende na heshima zake, aamkie, amuulize baba ni saa ngapi anasikiliza vipindi vyake, na amwahidi hataiwasha saa hizo. Akikubali, amwalike aje aone tyubu ikiwaka. Ila muulize mapema, kwa adabu, kama mzee amewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo. Kama anacho, asisogee kabisa karibu na koili. Kifaa cha masikio nacho kivuliwe.

Jambo la mwisho kwako mama: kijana asiguse cheche kwa kidole kuwaonyesha wenzake. Haishtui, na hapo ndipo inapodanganya. Umeme unaotetema kasi hivyo mishipa ya fahamu haiuhisi kama shoti, lakini unachoma. Anaweza kubaki na kidonda kidogo, chenye kina, kisichopona haraka. Na simu yako ikae mbali na meza yake.

SWALI: Habari dada fundi. Mimi ni mvuvi wa dagaa, Ukerewe. Tulitoka kwenye karabai, sasa tunatumia taa za LED na betri. Betri ndiyo inatuua, tunachaji kila siku ya giza na zinakufa haraka. Kijana mmoja wa chombo chetu anasema koili ya Tesla inawasha taa bila waya na umeme wake ni wa bure, ukiiwasha mara moja betri haiishi. Ni kweli? Ikiwa kweli, inagharimu kiasi gani kwa taa sita?

JIBU: Nzuri kaka, poleni na kazi. Si kweli, na msitoe shilingi.

Chukua mfano wa koili hii ya mwanafunzi wa Nyegezi. Inakula volti 12 kwa nusu ampea, hizo ni wati 6. Sehemu kubwa inageuka joto kwenye transista, nyingine inatawanyika hewani. Inayofika kwenye tyubu ni kidogo, na ukiisogeza tyubu urefu wa mkono mmoja tu imeshazima. Chukua wati 6 hizohizo uzipeleke kwa waya moja kwa moja kwenye taa yako ya LED: zinafika karibu zote na dagaa wanakuja. Koili haitengenezi umeme. Inaubadilisha sura, na kila mbadilisho unatozwa.

Tesla mwenyewe alitaka kusafirisha umeme bila waya. Mwaka 1899 alijenga maabara Colorado Springs akatengeneza miale ya kutisha, na mwaka 1901 akaanza mnara mkubwa wa Wardenclyffe karibu na New York. Mfadhili akaacha kutoa fedha, na mnara ukabomolewa mwaka 1917 bila kuwasha mji wowote. Mtu mwenye kichwa kile alishindwa, sasa huyo kijana wako na video yake, mwambie alete mtumbwi mmoja uliowaka tuuone.

Zaidi ya hapo, mtumbwi una maji, una nyavu zenye maji na watu wenye miguu mitupu. Sitaki volti elfu kadhaa humo.

Tatizo lenu naona lipo kwenye kuchaji. Kama betri ni za asidi na mnazitumia mpaka taa inafifia kabisa ndipo mzipeleke, mnaziua wenyewe. Betri ya volti 12 ikifika volti 12.0 ikiwa imepumzika, imeshatumika zaidi ya nusu. Hapo zima, badilisha. Na siku za mbalamwezi, mnapokuwa hamwendi ziwani, msiziache tupu kwenye kona. Zichaji zijae kabla ya kuziweka, la sivyo giza likirudi mtakuta hazishiki tena. Mita ndogo ya kusoma volti inauzwa mjini kwa bei ambayo safari moja ya dagaa inairudisha. Nunueni hiyo.

SWALI: Mama Fundi, naweza kuchaji simu kwa koili ya Tesla?

JIBU: Hapana. Unaweza kuiua.

SWALI: Shikamoo mama. Nipo Musoma, nimemaliza kidato cha sita. Koili yangu ya D882 inafanya kazi vizuri sana kwa volti 12. Nataka cheche ndefu zaidi bila kutumia umeme wa ukutani. Nilijaribu betri mbili za volti 12 mfululizo, transista ikafa mara moja. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Hongera, na transista yako imekufa kifo cha haki. D882 inavumilia volti 30 kati ya kolekta na emita. Watu wanadhani ukiweka 24 bado kuna nafasi, lakini koili ikitetema kolekta inaruka hadi karibu mara mbili ya betri, na wakati mwingine kupita hapo. Kwa volti 12 unafika 24 na kitu, upo ndani. Kwa 24 unafika 48, kwaheri.

Weka BD139. Hiyo inavumilia volti 80, na uzuri wake ni kwamba miguu imepangwa kama ya D882, emita, kolekta, besi, kwa hiyo ubao wako hauhitaji kubadilishwa. Kapasita yako ya volti 25 itoe, weka ya volti 50. Usianzie 24. Ongeza betri ya volti 6 juu ya ile ya 12, upate 18, uone joto linavyokwenda kwanza. Bati la kupozea liwe kubwa zaidi ya hilo ulilonalo, na kumbuka mgongo wa transista umeunganika na kolekta, kwa hiyo bati lisiguse kitu kingine na wewe usiliguse likiwa linafanya kazi.

Na ununue BD139 tano, si moja. Moja ya kutumia, nne za kuua.